Mchumaji Darasani: Somo la Uchumi katika Shule za Upili

Neno uchumi ni mtoto wa kitenzi chuma. Mkulima huchuma kahawa, mvulana huchuma mapera, mwenye bidii huchuma mali. Na kutokana na tendo hilo moja la mkono kuelekea tawini Kiswahili kimejipatia jina la taaluma nzima. Wasomi wa Ulaya hulifuatilia jina lao la taaluma hiyohiyo hadi katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuitunza nyumba. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Mgiriki alianza na nyumba ambayo tayari ina kitu ndani, akauliza kitu hicho kitatunzwa vipi. Mswahili alianza juani, tawini, kabla ya chochote kuingia nyumbani. Wahenga nao wakanena kwamba mchumia juani hulia kivulini, usemi ambao ndani yake mna kazi, muda, akiba na matumizi, yote kwa maneno manne. La ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kulisoma somo hili kwa miaka minne asiambiwe hata siku moja kuwa jina lake limetoka mtini.

Yupo mwalimu mmoja, sasa amestaafu, aliyeyawazia mambo haya kwa muda mrefu kuliko wengi. Alizaliwa mwaka wa 1965, mwaka ambao serikali ya Jamhuri changa ilitoa Waraka nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo, na mwaka mmoja tu baada ya Tume ya Ominde kupendekeza kwamba elimu ya Kenya iwatumikie Wakenya na mahitaji ya nchi yao. Alisoma Uchumi katika kidato cha tano na cha sita, siku ambazo somo hilo lilikuwa la wachache waliobahatika kufika huko. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, vidato hivyo viwili vilianza kuhesabiwa siku zake, na Uchumi ukateremshwa hadi shule ya upili ya miaka minne, ukatahiniwa kando ya Biashara na Uhasibu. Mwalimu huyu aliingia darasani mwaka wa 1990 akiwa na chaki, vitabu viwili na imani kubwa. Alifundisha katika shule za kutwa za Murang'a, kwenye miteremko ya kahawa, hadi alipostaafu mwaka wa 2025.

Katika miaka hiyo 35 somo lenyewe lilibadilika mikononi mwake. Mtaala uliorekebishwa mwaka wa 2002, ukaanza kufundishwa 2003, uliliondoa jina la Uchumi katika orodha ya masomo ya shule za upili. Uchumi, Biashara, Uhasibu na kazi za ofisini viliunganishwa vikawa somo moja la Elimu ya Biashara, na watahiniwa wa kwanza wa somo hilo jipya wakaufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2006. Walioliunganisha walikuwa na sababu nzuri: masomo yalikuwa mengi mno, wazazi walilalamika, walimu hawakutosha. Hata hivyo, ukiutazama mpangilio wa mada utaona ni nini kilitokea. Ugavi na mahitaji yaliwekwa kidato cha tatu pamoja na pato la taifa. Fedha na benki, fedha za umma, mfumuko wa bei, biashara ya kimataifa, na maendeleo ya uchumi na upangaji wake, yote yalisukumwa hadi kidato cha nne. Yaani mada zinazomhusu raia kama raia ndizo zilizokuja mwisho, katika muhula ambao watahiniwa wanakimbizana na mitihani ya majaribio na walimu wanakimbizana na silabasi. Tena somo ni la hiari. Mwanafunzi aliyeliacha mwishoni mwa kidato cha pili aliondoka akijua aina za ofisi na kazi za bohari, lakini hakuwahi kuambiwa deni la taifa ni nini.

Mwalimu hakulalamika sana. Alikuwa na tatizo lililomsumbua zaidi, nalo lilimjia katika mwaka wake wa nne kazini.

Ilikuwa 1993. Bei zilipanda nchini mwaka huo kwa takriban asilimia 46, kiwango ambacho Kenya haikuwa imewahi kukiona tangu uhuru. Noti zilikuwa zimechapishwa kwa wingi kabla ya uchaguzi wa 1992, kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikiinyonya hazina, na shilingi ilianguka. Mwalimu kijana akasimama mbele ya darasa kufundisha mada ya kupanda kwa bei. Akaandika ubaoni maana ya dhana hiyo kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kitabuni, akaandika sababu tano na athari sita. Wanafunzi wakanakili. Alipotoa jaribio wiki iliyofuata, wengi walipata alama nzuri. Akajaribu kuuliza swali moja la mdomo nje ya kitabu: kwa nini mama zao walikuwa wakinunua unga kidogo kuliko mwaka uliotangulia? Kimya. Kisha mmoja akajibu, "Mwalimu, ni kwa sababu wenye maduka wamekuwa wabaya." Darasa zima likakubaliana naye. Vijana wale walikuwa wameishika orodha ya sababu tano na hawakuona kuwa iliwahusu. Kwao, kilichokuwa ubaoni kilikuwa mambo ya mtihani. Kilichokuwa dukani kilikuwa ubaya wa watu.

Ndiposa siku hiyo akavunja kanuni ya shule. Shule ilikuwa na kibao cha kumtundika shingoni mwanafunzi aliyezungumza lugha nyingine isiyo Kiingereza (desturi ya aibu ambayo wasomi wengi wa leo waliipitia na ambayo haijaisha kabisa), na mwalimu alitarajiwa kuwa mfano. Akasema kwa Kiswahili: "Huu unaitwa mfumuko wa bei. Mshono wa nguo ukifumuka, ni nani mbaya, nguo au uzi?" Wakacheka. Akawaeleza kuwa bei huwa zimeshikwa pamoja na uzi usioonekana, ambao ni wingi wa fedha ukilinganishwa na wingi wa bidhaa. Uzi ukikatika, kila bei hukimbilia upande wake, na mwenye duka naye huenda kununua akakuta nguo imefumuka vilevile. Mfano huo haukuwa kamili. Mwanauchumi mkali angeupata na kasoro. Lakini siku hiyo yule aliyewalaumu wenye maduka aliuliza swali la kweli: "Sasa nani alikata uzi?" Katika Kenya ya 1993 swali hilo halikuwa la kuulizwa kwa sauti kubwa, na mwalimu alilijibu kwa uangalifu.

Tangu hapo alianza kuweka daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa 96, na ndani yake aliandika kila istilahi ya somo lake kwa Kiingereza, kisha akatafuta neno la Kiswahili, kisha akaandika ni nini wanafunzi walielewa waliposikia neno hilo. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani. Mtu yeyote mwenye kamusi anaweza kuijaza ya pili.

Chukua neno rasilimali. Asili yake ni Kiarabu, kichwa cha mali, na maana yake ya awali ilikuwa fedha ya kuanzia biashara. Leo Wakenya wengi hulitumia kwa maji, misitu, madini na hata watu. Kwa fedha ya kuanzia wana neno mtaji, ambalo wachezaji wa bao pia wanalo: asiye na mtaji katika bao hana namna ya kula kete za mwenziwe, hubaki kutakata tu, akizungusha kete zake mwenyewe. Mwalimu hakukulia pwani na bao alilijulia ukubwani, kwa rafiki kutoka Lamu waliyesoma naye chuoni, lakini alipouingiza mfano huo darasani hakuhitaji tena ukurasa mzima wa kueleza kwa nini mkulima asiye na akiba hubaki akizunguka palepale.

Neno riba lilikuwa na mambo yake. Katika darasa la Murang'a lilipita bila kugusa mtu. Rafiki yule wa Lamu, ambaye naye alifundisha, alimwandikia kwamba kwake neno hilo huingia darasani likiwa tayari limehukumiwa, kwa kuwa Uislamu umeharamisha riba, na kwamba kumwambia mtoto wa Kiislamu "riba ni malipo ya mkopo" bila kuongeza neno ni kumwomba alitenganishe somo na dini yake. Tangu 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia, na kipindi kimoja kuhusu namna zinavyogawana faida na mteja badala ya kumtoza riba kingemfaa hata mtoto wa Murang'a ambaye hajawahi kuuona msikiti kwa ndani. Silabasi ilikuwa na nafasi finyu kwa jambo hilo.

Neno lililomshinda ni mahitaji. Chumba cha walimu kilishuhudia ubishi juu yake kwa miaka kadhaa, baina yake na mwalimu wa Kiswahili aliyeketi meza ya pili.

"Mwalimu, unaniharibia lugha," yule wa Kiswahili alisema. "Ugavi na mahitaji. Limesanifiwa, limechapishwa, basi."

"Mwalimu, mtoto mwenye njaa asiye na senti ana mahitaji au hana?"

"Anayo, tena makubwa."

"Katika somo langu hana. Soko halimwoni. Soko humwona mwenye haja na uwezo wa kulipa. Sasa nikimwambia mtoto kwamba mahitaji yakipanda bei hupanda, anaelewa kuwa njaa ikizidi bei hupanda. Huo ni uchumi wa wapi?"

Walijaribu utashi, likakataliwa kwa kuwa linahusu nia tu. Walijaribu uhitaji, likaonekana ni mahitaji yaliyonyolewa nywele. Mwishowe suluhu ya muda ilitoka kwa msichana wa kidato cha tatu aliyeandika katika jibu lake "hitaji lenye pesa". Si istilahi ya kuingizwa kamusini, ni kifungu. Walimu wote wawili walikubaliana kwamba kinasema kile ambacho neno sanifu hakisemi, na mwalimu akakiandika katika safu ya tatu kwa wino mwekundu. Wanaounda istilahi huko vyuoni wana la kujifunza hapa, kwa kuwa aghalabu neno huundwa mezani na halipelekwi kwa mtoto aonekane analishikaje.

Na yasidhaniwe kuwa Kiswahili kilikuwa dawa ya kila kitu. Mwalimu alijua fika kwamba lugha ya nyumbani ya wanafunzi wake ilikuwa Kikuyu, kwamba mtihani ungekuja kwa Kiingereza, na kwamba mnada wa kahawa wa Nairobi hutaja bei kwa dola kwa kila mfuko wa kilo 50. Mtoto asiyekijua Kiingereza cha mnada ataendelea kuuziwa na wanaokijua. Kiswahili kilikuwa katikati, mahali ambapo wazo lingeweza kuegeshwa likaangaliwa pande zote kabla ya kupelekwa kwingine.

Kahawa yenyewe ilikuwa kitabu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Vitabu vilitoa mifano ya kalamu na mikate: bei ikipanda, mtengenezaji huongeza bidhaa, na mstari huelekea juu kulia. Wanafunzi wake walijua kuwa si hivyo. Baridi kali ilipoiunguza mikahawa ya Brazili mwaka wa 1975, bei ilipaa duniani na miaka ya 1976 na 1977 ikawa ya neema. Wazee wa vijijini bado huonyesha nyumba za mawe zilizojengwa kwa fedha hizo. Lakini mkahawa mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vyema. Aliyepanda kwa kuvutwa na bei ya 1977 alivuna katika soko lingine kabisa. Kisha mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ukavunjika mwaka wa 1989, bei ikaporomoka, na mkulima akakuta sheria inamkataza kung'oa miti isiyomlipa. Akaipuuza tu. Akapanda mahindi katikati ya mistari, baadaye parachichi. Kenya iliyotoa takriban tani 130,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88 imeshindwa hata kufikia nusu ya kiasi hicho katika misimu ya karne hii. Mambo haya yote mtoto wa Murang'a anayaona akipita njiani kwenda shuleni. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba yanaungana.

Hata gharama mbadala, dhana inayowatesa watahiniwa wengi, ilikuwa mikononi mwao. Msimu mkuu wa kuchuma huangukia Oktoba hadi Desemba, na katika wiki zake za kwanza madawati huwa na mapengo, hasa Jumatatu. Mchumaji hulipwa kwa debe. Mwalimu hakuwafokea waliorudi Jumanne. Aliwaomba wahesabu: madebe mangapi, shilingi ngapi, na kipindi kipi cha Hisabati kilichokosekana. Baadhi ya hesabu zilimfunga mdomo. Kuna nyumba ambazo debe tatu za Jumatatu zilikuwa ndizo karo, na mtoto aliyekosa siku moja alikuwa amenunua siku nyingine kumi. Kumwambia mtoto huyo kwamba utoro ni uvivu ni kuonyesha kuwa mwalimu ndiye asiyeijua gharama mbadala.

Lakini mtihani mkubwa wa somo hili haukuwakuta wanafunzi. Uliwakuta walimu. Mwaka wa 2006 na wa 2007 michezo ya fedha ya piramidi ilienea nchini, na chumba cha walimu hakikusalimika. Ilijitambulisha kwa jina la akina mama wanaochangishana na kupeana zamu, na hapo ndipo ujanja ulipokuwa. Kila Mkenya anakijua chama. Bibi yake alikuwa katika kimoja. Katika chama, kinachotoka ni kile kilichoingia. Katika piramidi, kinachotoka ni cha atakayeingia kesho. Jina lilikuwa moja na vitu vilikuwa viwili.

Mwalimu alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa ratiba, mbele ya wenzake wenye shahada. Kila mmoja alete watu 6. Hatua ya pili 36, ya tatu 216, ya tano 7,776, ya tisa 10,077,696, ya kumi 60,466,176. Sensa ya 1999 ilikuwa imewahesabu Wakenya milioni 28.7, watoto wachanga wakiwemo. "Hatua ya kumi mtawatoa wapi?" Mmoja akamjibu kwamba yeye angekuwa ametoka kufikia hatua ya nne. Kila mmoja alikuwa na mpango wa kutoka hatua ya nne. Jopokazi la serikali lililochunguza baadaye lilikadiria kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Walimu wanne wa shule hiyo walikuwa miongoni mwao; mmoja alikuwa amechukua mkopo wa ushirika, na aliulipa kwa miaka mitatu kutoka katika mshahara uliokwisha kupungua.

Hasara hiyo haikutokana na ukosefu wa elimu. Walikuwa wamesoma, mmoja Hisabati. Labda, na hili halipendezi kulisema katika jarida la wanachuo, kujua hesabu na kuitumia hesabu dhidi ya tamaa yako mwenyewe ni mambo mawili, na shule hufundisha la kwanza pekee. Mikopo ya simu ilipoanza kuenea kuanzia 2012, ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 ilionekana ndogo kwa kuwa ilitajwa kama ada, na kwa mwezi. Ikizidishwa kwa miezi 12 ni asilimia 90. Kijana aliyefundishwa kufanya zao hilo moja ana kinga ambayo hotuba elfu za Ruwaza ya 2030 haziwezi kumpa.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha wa mwaka huo kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa sheng na kwa lugha za nyumbani katika video fupi za simu. Ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16 uliopendekezwa kwa mkate ulielezwa na watu wa miaka ishirini na ushee kwa ufasaha ambao vitabu vya kiada haviujui. Maandamano yaliyofuata yaligharimu maisha ya vijana wengi, na Rais akauondoa mswada huo tarehe 26 Juni. Yeyote awe na maoni yake kuhusu siasa za mwaka huo. Kilichomgusa mwalimu, akiwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, ni kwamba mada ya fedha za umma, ile iliyosukumwa mwisho wa kidato cha nne, ilikuwa imefundishwa taifa zima kwa mwezi mmoja, bila mwalimu, na si kwa Kiingereza pekee.

Sasa mtaala wa umilisi umeleta shule ya upili ya juu, iliyopangiwa kuanza na Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, huku kundi la mwisho la 8-4-4 likitarajiwa kumaliza mwaka wa 2027. Elimu ya Biashara imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Atakayechagua Fizikia, Kemia na Biolojia hatakutana nayo. Kiswahili, kwa upande mwingine, ni miongoni mwa masomo ya lazima, pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji, na mwalimu wa Kiswahili humfikia mwanafunzi ambaye mwalimu wa Biashara hatamwona kamwe. Ufahamu ni wake. Ufupisho ni wake. Sajili ya biashara tayari huifundisha katika isimujamii, ingawa kwa kawaida huishia kwenye kuchanganya ndimi na lugha ya ushawishi ya wachuuzi.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alimwachia mwenzake wa meza ya pili lile daftari, na ndani yake karatasi ya malipo ya kiwanda cha kahawa iliyofutwa jina. Kilo 900 za kahawa mbichi kwa shilingi 60, jumla 54,000. Mbolea iliyokopeshwa, 8,400. Mkopo wa awali, 15,000. Riba, 1,800. Salio, 28,800. Mwalimu wa Kiswahili aliigeuza kuwa kifungu cha ufahamu cha maneno 400, akatunga maswali. Eleza maana ya "mkopo wa awali" kama lilivyotumika katika taarifa. Mkulima alitozwa riba ya asilimia ngapi? Kwa kurejelea aya ya tatu, ni nani aliyeipanga bei ya shilingi 60? Swali hili la mwisho lilipewa alama nne, na darasa lilitoa majibu saba tofauti.